Romania 2024: TikTok, kura zilizofutwa na siri mbili

Watu wengi wakisimulia hiki kisa wanakimaliza kwa sentensi moja, eti Warusi walitumia TikTok kuiba uchaguzi wa Romania. Wengine nao sentensi yao ni kwamba wakubwa wa Ulaya walimpora ushindi mtu wa watu. Mimi nimekifuatilia na naona wote wanaruka pale penye utamu, kwa hiyo ngoja nikipangue chote, ni kirefu kidogo, chukua chai kabisa.

Jumapili tarehe 24 Novemba 2024 Waromania wanapiga kura ya urais duru ya kwanza. Vituo vinafungwa saa tatu usiku, TV zinatoa makadirio ya wale waliohojiwa wakitoka kupiga kura, waziri mkuu Marcel Ciolacu wa PSD, chama kikubwa cha mrengo wa kati-kushoto, anaongoza na kama 25%, Elena Lasconi wa chama cha USR anafuata, wachambuzi studio wanaanza kupiga hesabu zao nani atamuunga mkono nani duru ya pili. Alafu kura zenyewe zinaanza kuhesabiwa na kila saa ikipita kuna jina moja linapanda tu, Călin Georgescu, mgombea binafsi, hana chama, kura za maoni karibu zote zilikuwa zinamweka chini ya 10% na nyingine chini ya hapo sana. Hadi kunakucha yeye ndo wa kwanza, 22.94%, kura zaidi ya milioni 2.1. Lasconi wa pili 19.18%. Ciolacu, waziri mkuu aliye madarakani, wa tatu, kazidiwa na Lasconi kura 2,700 na ushee nchi nzima, na PSD ikajikuta haina mtu duru ya pili, kitu ambacho hakikuwahi kuwapata tangu ukomunisti uanguke 1989.

Na kwenye fomu ya matumizi ya kampeni Georgescu alikuwa ameandika sifuri. Sio hela kidogo, sifuri.

Sasa huyu ni nani. Sio mhuni wa mtaani, ni mtaalamu wa udongo na mambo ya maendeleo endelevu, aliwahi hata kuwa ripota maalum wa Umoja wa Mataifa kuhusu taka za sumu na haki za binadamu, 2010 mpaka 2012. Kwenye TikTok unamuona kapanda farasi, mara anacheza judo, mara anaogelea kwenye maji ya baridi, mara kakaa tu anaongea taratibu kama mchungaji kuhusu chakula, maji na nishati, ambayo ndo ilikuwa kauli mbiu yake. Hapigi kelele. Mwenzake wa mrengo uleule wa kulia, George Simion wa chama cha AUR, yeye ndo wa kelele. Ukichimba unakuta Georgescu alishamsifu Ion Antonescu, yule aliyeitawala Romania akiwa upande wa Hitler kwenye vita, na Putin akamwita mzalendo. Lakini nani anachimba, klipu ni ya sekunde 40, chini kuna muziki wa kutia huruma, unaangalia, unapitisha, inakuja nyingine ya kwake.

Romania ina watu kama milioni 19 na wenye TikTok wanakadiriwa milioni 9. Yaani karibu nusu ya nchi. Na ule mtambo wa TikTok hauulizi unamfuata nani, unaangalia umekaa kwenye video muda gani, umekomenti, umeirudia, basi unakuletea za aina hiyo. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kuitafuta siasa maishani mwake anaweza kukaa wiki mbili anaoga Georgescu asubuhi mpaka jioni, na jirani yake wa mlango wa pili, mwenye umri mwingine na anayeangalia vitu vingine, asijue kwamba kuna kampeni inaendelea. Hapa ndo naona hiki kisa kinapoanza kuwa cha maana. Bango la barabarani hata mpinzani wako analiona. Hotuba ya TV mwandishi ataichambua kesho yake. Hii ilipita chini kwa chini, na waandishi wa Bucharest, mji mkuu, na waendesha kura za maoni wakapigwa na butwaa kwa sababu simu zao wenyewe hazikuwaonyesha.

Kilichofuata ni vurugu ya wiki mbili ambayo ukiisoma tarehe kwa tarehe inachanganya. Tarehe 28 Novemba Mahakama ya Katiba inaagiza kura zihesabiwe upya. Tarehe 2 Desemba mahakama hiyohiyo inasema sawa, duru ya kwanza ni halali, tunaendelea na duru ya pili tarehe 8. Katikati hapo tarehe 1 wamepiga kura za bunge pia na vyama vya kulia kabisa vimevuna viti vya kutosha. Tarehe 4 rais Klaus Iohannis anatoa hadharani nyaraka za idara za usalama. Tarehe 6, wakati Waromania walioko nje wameshaanza kupiga kura ya duru ya pili, kuna watu wameshatumbukiza karatasi na kurudi zao kazini, majaji wote 9 wanafuta uchaguzi mzima wa urais. Sio duru ya pili tu, wote, turudi sifuri.

Hebu tuingie kwenye zile nyaraka maana ndo roho ya kesi. Idara ya usalama wa ndani, SRI, inasema kulikuwa na akaunti kama 25,000 za TikTok zilizochangamka ghafla wiki mbili kabla ya kura. Kati ya hizo karibu 800 zilifunguliwa 2016, zikakaa kimya miaka yote hiyo, zikaamka tarehe 11 Novemba. Inasema kuna akaunti moja ya mtu binafsi iliyogawa dola 381,000 ndani ya mwezi mmoja kwa watu waliokuwa wanampigia debe Georgescu. Inasema mifumo ya kompyuta ya uchaguzi ilishambuliwa zaidi ya mara 85,000. Na inasema mbinu zinafanana na kazi ya serikali ya nchi ya nje, huku nyaraka ya idara ya ujasusi wa nje ikizungumzia Urusi na jinsi inavyoiona Romania kama adui. Ukisoma kwa haraka unasema tayari, kesi imekwisha. Ukisoma taratibu unaona kwamba nyaraka zenyewe ni kurasa chache zilizofutwafutwa, zinasema "tunajua" bila kuonyesha "tumejuaje", na hakuna panaposema kura hata moja ilibadilishwa kwenye sanduku. TikTok nao wakakana kwamba walimpendelea mgombea yeyote.

Alafu kuna hii sehemu ambayo kila nikiifikiria nacheka peke yangu.

Kwenye zile nyaraka kuna kampeni moja inatajwa, heshtegi inayosema kitu kama "uwiano na msimamo". Mainfluensa zaidi ya 100, watu wa mitindo, wa vichekesho, wa maisha tu, walilipwa warekodi video fupi kueleza rais wanayemtaka awe na sifa gani. Hakuna jina. Mtu anaongea kwenye kamera, nataka rais mwenye uwiano, mwenye msimamo, anayeipenda nchi, mwisho, anaweka heshtegi, anaenda zake. Kila mtu alimaliza video bila kusema nani, na chini kwenye komenti ndo lilikuwa linaandikwa jina, Georgescu, Georgescu, Georgescu, mia, mia mbili, mpaka mtazamaji anaona kumbe ni huyu. Idara ikafananisha hiyo na kampeni ya Kirusi iliyowahi kuonekana Ukraine. Sawa. Wiki mbili baada ya uchaguzi kufutwa, waandishi wa habari za uchunguzi wa Snoop wakatoa kwamba mamlaka ya kodi imefuata hela ya ile kampeni na imekuta aliyelipa ni PNL. PNL! Chama cha kiliberali, kilichokuwa serikalini, chama alichotoka rais Iohannis mwenyewe, ambacho kilikuwa na mgombea wake, jenerali mstaafu Nicolae Ciucă, akaishia nafasi ya 5 na 8.79%. PNL wakajitetea kwamba ndiyo walilipia kampeni, lakini wao waliagiza "uwiano na umakini", neno likabadilishwa njiani na kampeni ikatekwa na wengine.

Inawezekana kweli ilitekwa, komenti zile hazikujiandika zenyewe. Lakini ona jinsi ilivyokuwa rahisi kutekwa. Chama cha serikali kimeamua kununua machawa wasiotaja wanamsifu nani ili isionekane ni tangazo la siasa, hakuna alama ya kampeni inayotakiwa na sheria ya Romania, hakuna jina, na kitu kisicho na jina yeyote akija na jina lake analibandika. Sheria yao ilikuwa wazi kabisa kwamba tangazo la mgombea mtandaoni liwe na namba ya utambulisho ya anayelipa. Video za Georgescu hazikuwa nayo. Za hao mainfluensa wa PNL nazo hazikuwa nayo. Kwa hiyo tunapoambiwa adui wa nje alipita dirishani, tuseme pia dirisha liliachwa wazi na wenye nyumba kwa sababu nao walikuwa wanapitia hapohapo.

Kwenye mijadala ya mtandaoni hii sehemu huwa haifiki mbali. Wanaompinga Georgescu haiwapendezi kwa sababu inapunguza Urusi, na wanaompenda haiwapendezi kwa sababu inaonyesha mtu wao hakupanda kwa miujiza ya watu wa kawaida.

Nchi yenyewe ina historia ya pekee na hii mitandao. Wakati wa Ceaușescu, dikteta wa kikomunisti, miaka ya 80 mwishoni TV ilikuwa inarusha kama masaa 2 kwa siku, mengi yake ni yeye na mkewe, na polisi wa siri, Securitate, walikuwa kwenye kila simu na kila ngazi ya ghorofa. Watu waliozaliwa kabla ya 1989 hawajasahau. Ndo maana Facebook ilipoingia waliipokea kama dawa. Mwaka 2014 Waromania wa nje walipanga foleni za ajabu kwenye balozi, Paris, London, Munich, Torino, vituo vichache, masaa yakaisha wengine hawajapiga, picha za zile foleni zikamwagika Facebook na nyumbani watu wakakasirika wakaenda kumpigia mtu ambaye hakutarajiwa. Nani? Iohannis. Huyuhuyu. Waliompigia nje walikuwa karibu 90%, na ukurasa wake wa Facebook ukavuka wafuasi milioni 1, kipindi hicho wanasiasa wa Ulaya hawajui hata kuposti vizuri. Mwaka mmoja baadaye ukumbi wa muziki wa Colectiv uliungua Bucharest, tarehe 30 Oktoba 2015, watu 64 wakafa, ikaonekana ni rushwa ya vibali, watu wakaitana Facebook na ndani ya siku chache waziri mkuu Victor Ponta akajiuzulu. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 serikali ikapitisha amri ya kulegeza makosa ya matumizi mabaya ya ofisi, yaani ukiiba chini ya kiwango fulani usifungwe, watu kama nusu milioni wakajaa barabarani nchi nzima, pale uwanja wa Piața Victoriei, mbele ya ofisi za serikali, wakawasha tochi za simu kwa pamoja, na amri ikaondolewa.

Kwa hayo yote sikumsikia mkubwa wa Bucharest wala wa Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, akisema mitandao ni hatari kwa demokrasia. Ilikuwa ni vijana, uamsho, jamii ya kiraia imeamka. Na mimi nakubali, ilikuwa hivyo kweli. Ila hasira ileile, ya watu walewale wanaoona vyama viwili vikubwa vinapokezana vyeo na wao wanabaki kuhamia Italia kulea wazee na Uhispania kuchuma matunda, haikuisha 2017. Ilihama tu ukurasa. PSD na PNL, mahasimu wa muda mrefu, wakaja kuungana serikali moja 2021, kwa hiyo ukiichukia serikali huna hata chama kikubwa cha upinzani cha kukimbilia. Mwaka 2024 mpiga kura wa nje anaendesha lori Ujerumani, TV ya Romania haimhusu, simu ndo nchi yake. Georgescu alipata 43% ya kura za nje duru ya kwanza. Huwezi kuniambia hizo ni akaunti feki, akaunti feki haziendi kituoni na pasipoti.

Sasa ile hukumu. Msomaji wa Afrika Mashariki hapa atakumbuka haraka Kenya, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu chini ya Maraga ikafuta uchaguzi wa Agosti. Ni kulinganisha kwa haki, lakini tazama tofauti. Kenya kulikuwa na mlalamikaji, Raila, kulikuwa na mlalamikiwa, tume ya uchaguzi ikabanwa kuhusu fomu za matokeo 34A na seva zake, mawakili wakachapana siku kadhaa kwenye TV, majaji wawili wakapinga na sababu zao zikasomwa. Ulikubali au ulikataa, uliona. Romania mahakama iliamua yenyewe, siku 4 tu baada ya kusema duru ya kwanza ni halali, bila kusikiliza pande mbele ya watu, ikitegemea karatasi za idara ya usalama. Hata Lasconi, ambaye alikuwa apambane na Georgescu tarehe 8 na angeweza kunufaika, alilaani ule uamuzi. Tume ya Venice, hao wataalamu wa katiba wa Baraza la Ulaya, wakaandika Januari 2025 kwamba uchaguzi haufai kufutwa kwa kutegemea taarifa za kijasusi za siri peke yake, na maana yao sio kumtetea Georgescu.

Weka hiyo kwenye nchi ambayo babu yako alikuwa na faili Securitate. Idara mpya, SRI, iliundwa 1990 baada ya ile ya zamani kuvunjwa, na kuna Waromania wengi ambao mpaka leo hawaamini kama ni mpya kweli. Sasa watu hao wanakwambia kura yako imefutwa kwa sababu tunajua mambo ambayo hatuwezi kukuonyesha. Mimi kwangu hapo ndo penye kosa kubwa kuliko TikTok nzima. Kampeni ya siri ikajibiwa na ushahidi wa siri, mwananchi yuko katikati anaangalia siri mbili anachagua ya kuamini, na wengi wakachagua ile yenye farasi. Mpaka JD Vance, makamu wa rais wa Marekani, alipata cha kusema kwenye mkutano wa usalama wa Munich Februari 2025, akawasimanga Wazungu wenzake kwamba demokrasia inayoangushwa na matangazo ya mtandaoni ya dola laki kadhaa haikuwa imara. Unaweza usimpende Vance, lakini mpira waliuweka wao wenyewe mguuni kwake.

Nisikae upande mmoja tu pia. Kulikuwa na mambo ya kuogopesha kweli. Siku mbili baada ya kufutwa, polisi walisimamisha msafara wa magari ukielekea Bucharest wakamkuta Horațiu Potra na watu wake pamoja na silaha. Jina hilo wasomaji wa Goma wanaweza kulifahamu, ndo bosi wa wale mamluki wa Kiromania waliokuwa wanapigana upande wa serikali ya Congo Kivu, karibu 300 wakajisalimisha Goma ilipoangukia M23 mwishoni mwa Januari 2025, wakavushwa Rwanda na kurudishwa kwao kupitia Kigali, picha zao wamekaa chini kwenye mstari zilizunguka kila grupu la WhatsApp. Septemba 2025 waendesha mashtaka walimfikisha Georgescu na Potra na wengine mahakamani kwa mashtaka ya kupanga kuvuruga utaratibu wa kikatiba. Wanakana. Kesi ndo mahali pake, ushahidi ukae mezani.

Georgescu mwenyewe hakuruhusiwa kugombea tena, tume ya uchaguzi ilimkataa Machi 2025 na Mahakama ya Katiba ikabariki. Serikali ikatoa amri Januari kwamba siasa mtandaoni iwe na alama na mitandao iondoe haraka kinachoamriwa na tume, na kilipofika kipindi cha kampeni ikawa mtu wa kawaida kaposti maoni yake Facebook anaambiwa ni tangazo la siasa, linaondolewa, malalamiko yakawa mengi. Tume ya Ulaya nayo ilifungua uchunguzi rasmi dhidi ya TikTok tarehe 17 Desemba 2024.

Tarehe 4 Mei 2025 wakarudia duru ya kwanza. Georgescu hayupo kwenye karatasi, mitandao inalindwa, dunia nzima inaangalia, na Simion, aliyetangaza wazi kwamba anabeba bendera ya Georgescu, akapata 40.96%. Karibu mara mbili ya alichopata Georgescu Novemba. Hapo sasa hamna akaunti zilizolala tangu 2016 za kusingizia, watu walimjua jina, sura na maneno yake, wakampa. Kilichomwangusha wiki mbili baadaye hakikuwa amri ya kuondoa posti, ni kwamba waliokaa nyumbani duru ya kwanza walitoka, ushiriki ukapanda kutoka kama 53% hadi karibu 65%, na Nicușor Dan, meya wa Bucharest, mwanahisabati aliyewahi kupata dhahabu kwenye mashindano ya hesabu ya dunia, mtu asiyejua hata kuongea kwa mvuto, akashinda kwa 53.6%. Nje ya nchi walipiga kura zaidi ya milioni 1.6. Wale wa nje ambao 2014 walimpa Iohannis karibu wote, safari hii wengi, kama 56%, walimpa Simion.